Kiti cha Juu

Mchwa ndio walioanza. Mwezi wa nne, masika yalipokolea, walipanda kutoka kwenye msingi wa stoo ya Mama pale Tabata, wakala fremu ya mlango, wakala mguu mmoja wa meza ya cherehani, kisha wakapenya kwenye sanduku la bati kupitia kona iliyotobolewa na kutu. Mama alinipigia simu Jumamosi asubuhi kunilalamikia meza ya cherehani. Sanduku alilitaja mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kuagiza chumvi: "Na lile sanduku la makaratasi, njoo ulimwage. Wameshalila."

Hawakulila lote. Walikuwa wamemaliza magazeti ya juu na ankara za maji za miaka ishirini, wakaacha udongo mwekundu pale palipokuwa na maneno. Chini kabisa palikuwa na furushi la kanga kuukuu ndani ya mfuko wa nailoni, limefungwa fundo ambalo ilibidi nilikate kwa kisu. Ndani mlikuwa na kaunta buku saba, zile ndefu zenye jalada gumu jeusi na uti mwekundu, ambazo walimu walikuwa wakiandalia masomo. Zote zilikuwa zimevimba kama maandazi kwa vitu vilivyobandikwa ndani.

"Mama, haya ya nini?"

"Ya safari."

"Safari gani?"

"Za Mbinga. Kwani wewe hukuwemo?"

Nilikuwemo. Kila Desemba tangu nikiwa na miaka mitano mpaka nilipoingia sekondari, nilikuwemo nyuma ya Peugeot 404 steshenwagoni ya rangi ya maziwa, kutoka Dar es Salaam kwenda kwa Bibi Mbinga, zaidi ya kilomita elfu moja. Kama ungeniuliza habari za safari hizo kabla ya Jumamosi ile, ningekusimulia mpaka chai ipoe. Baba usukani anapiga mluzi. Tembo wa Mikumi. Mayai ya kuchemsha na chumvi iliyokunjwa kwenye karatasi. Zaidi ya yote ningekusimulia habari ya kiti cha juu. Wakati wa kurudi Dar, Baba alikuwa akitutandikia godoro kule nyuma, juu sana, vichwa vinakaribia kugusa paa, ili sisi watoto tuone wanyama vizuri. Ndivyo nilivyoamini kwa miaka arobaini. Wanangu nimewahi kuwasimulia mara kadhaa, wajue babu yao alikuwa mtu wa namna gani.

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hapo hapo mlangoni mwa stoo, nikafungua la kwanza.

Usifikirie albamu. Picha zote katika kaunta buku saba ni kumi na moja, na tatu kati ya hizo ni za gari. Filamu zilikuwa adimu, na kusafisha ni pesa. Kilichojaa ni takataka, ukitaka kuita hivyo: risiti za petroli, lebo ya kopo la nyama la Tanganyika Packers, kipande cha boksi la Kibiriti, karatasi ya Africafe, unyoya wa kanga wa porini, ua la mbuyu lililokauka likawa kama ngozi ya popo. Mama alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na mwalimu wa zama zile hakutupa kitu. Kila karatasi yenye picha ilikuwa zana ya kufundishia. Kukata na kubandika ilikuwa kazi yake ya kila jioni, basi safarini aliendelea tu kwa mazoea. Gundi yake ilikuwa uji mzito wa ngano. Nadhani ndio uliowaita mchwa.

Pembeni ya kila kitu kuna maandishi yake, yale ya ubaoni, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Na kalamu ya risasi haijafifia. Risiti zenyewe, zilizoandikwa kwa mkono juu ya karatasi ya kaboni, zinasomeka mpaka leo. Mimi nina risiti ya mashine ya mwezi wa kwanza mwaka huu, imebaki nyeupe kama leso.

Buku la kwanza ni la Desemba 1979. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha katikati ya mwaka ule, hazina imekauka, na Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatuomba tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane, ambayo kila mtu wa rika langu anajua ilivyorefuka. Ukurasa wa kwanza hauna neno la furaha ya safari. Una hesabu: petroli ya kwenda, petroli ya kurudi, madumu mawili ya akiba, tairi moja la kuazima, nazi kumi, ng'onda, chumvi, sabuni. Chini yake: "Ikibaki, soda kwa watoto Morogoro. Isipobaki, maji."

Nikamwuliza kama ilibaki. Mama alikuwa anachambua mchele uani, hakuinua kichwa. "Mlikunywa maji."

Mimi nakumbuka soda. Nakumbuka mpaka ubaridi wa chupa.

Barabara yenyewe kila anayekwenda Nyanda za Juu Kusini anaijua. Chalinze unaachana na wanaokwenda Tanga na Moshi. Morogoro unaiona milima ya Uluguru muda mrefu kabla ya kuufikia mji. Baada ya hapo Mikumi, ambako barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita kama hamsini, twiga wanakutazama bila kiingilio. Kisha Ruaha Mbuyuni, mto upande mmoja na mibuyu kila mahali, vitunguu vimepangwa kando ya lami. Halafu Kitonga. Barabara hii ilitengenezwa na kuwekwa lami baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965 na Zambia kujikuta haina njia salama ya kupitishia shaba na mafuta. Kabla ya lami madereva waliiita njia ya jehanamu. Sisi tuliikuta nzuri, lakini malori ya Zambia yalikuwa bado yakipandisha Kitonga kwa mwendo wa konokono, na nyuma yao Baba, mkono mmoja dirishani, haruhusiwi mtu kuzungumza.

Kuhusu Kitonga Mama ameandika kurasa nne katika buku la 1980 peke yake. Amehesabu kona. Amehesabu malori yaliyolala kwenye korongo na kuyaandikia rangi. Amebandika kokoto, ndiyo, kokoto, kwa uji wa ngano, na imeshika miaka yote hii. Mtoto wa Muheza aliyekulia kwenye michungwa, nadhani Kitonga ilimtisha kuliko alivyokubali kuonyesha. Katika kumbukumbu zangu Mama kule mbele anasinzia. Katika buku, mwenye kusinzia ana kalamu mkononi na anahesabu kona.

Juu ya Kitonga, kabla ya Iringa, kuna Lugalo, ambako Wahehe wa Mkwawa walilivamia jeshi la Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891 na kumwua kamanda wao Zelewski, yule waliyembandika jina la Nyundo. Mnara wa kumbukumbu ya Wajerumani waliokufa bado upo. Kila mwaka Mama alimsimamisha Baba pale, akatushusha, akatufundisha somo zima tumesimama kwenye nyasi. Kaka yangu anaweza kukueleza mpaka leo mikuki ilitokea upande gani. Maandishi ya 1981 yanasema: "Nimewafundisha Lugalo. Hawakusikiliza. Wanataka mayai."

Nilicheka kwa sauti. Mama akauliza nacheka nini, nikamsomea. "Mlikuwa wajinga," akasema, akaendelea na mchele.

Kuna jambo la Mafinga. Watoto wote wanne tunaikumbuka Mafinga kama peponi: nyumba ya rafiki yake Baba aliyefanya kazi huko, misonobari ya Sao Hill imepangwa safu hadi macho yanachoka, mbwa mwenye watoto, baridi ya kutoa moshi mdomoni. Kila mwaka tulifika jua likiwa bado kali na tukalala hapo. Niliwahi kujiuliza ukubwani kwa nini. Dar mpaka Iringa siku moja, sawa. Lakini Iringa mpaka Mafinga ni kilomita themanini tu, kisha unalala? Nilijijibu kwamba Baba alikuwa akitupenda, alitaka tucheze.

Buku linasema hivi, Desemba 1982: "Jumapili. Misa ya kwanza Iringa. Tumetoka saa 5:50. Mafinga saa 7:25. Tumewahi." Neno "tumewahi" limepigiwa mstari. Nikatazama mwaka uliotangulia: "Mafinga saa 7:50. Tumewahi kwa shida." Tumewahi nini? Nikakumbuka, na nikajiona mjinga kweli. Miaka ile ya uhaba wa mafuta magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ikikukuta saa nane barabarani, maelezo yako unayatoa kwa askari. Shule ya Mama ilifungwa Ijumaa, tukaondoka Jumamosi alfajiri, na Jumapili saa nane ikatukuta pale ambapo gari lilikuwa limefika. Pepo yetu ilikuwa amri ya serikali.

Sijui kwa nini jambo hili limenifurahisha badala ya kuniudhi. Labda kwa sababu mbwa alikuwepo kweli. Yupo kwenye buku, Mama amemchora, na kando ameandika idadi ya watoto wake: sita.

Jumatatu alfajiri tunaondoka. Makambako unaacha barabara ya Mbeya, unakata kushoto, na siku zile ndipo lami ilipokwisha. Njombe mvua, ukungu, wanawake wamejitanda mablanketi. Kutoka Njombe kwenda Songea, kama mvua za Desemba zimeshaanza, ulikuwa unaomba Mungu na unabeba jembe. Buku la 1980 lina ukurasa uliopakwa tope lenyewe kwa kidole, limekauka na kupasuka kama kisigino, na maneno: "Tope la Wino. Saa 3 na nusu. Wametusukuma watu kumi na mmoja, nimewapa nazi mbili na kibiriti." Wino ni kijiji kabla ya Songea, si ule wa kalamu. Lami ya Makambako–Songea ilipokuja kukamilika, miaka hiyo hiyo ya themanini, Mama aliandika mstari mmoja tu: "Songea saa 9 mchana. Sina la kuandika." Na ni kweli, mabuku mawili ya mwisho ni membamba. Barabara ilipopona, buku liliishiwa.

Mbinga yenyewe inachukua nusu ya kila buku, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nasoma safari ya mtu mwingine kabisa. Sisi tulikuwa tunakwenda kwa Bibi. Mama alikuwa anakwenda ukweni.

Kwetu sisi Mbinga ilikuwa milima na maji ya baridi na mashamba ya ngoro, yale ya Wamatengo, ambayo ukiyatazama kutoka ng'ambo ya bonde yanafanana na sega la nyuki lililotandikwa juu ya mlima. Unafyeka nyasi, unazilaza kwa miraba, unazifunika kwa udongo unaouchimba katikati ya mraba, na lile shimo linalobaki linameza maji ya mvua kabla hayajakimbia na shamba lako. Mama alilichora ngoro lile kwa vipimo. Aliuliza maswali, akaandika majibu, akaandika na nani alimcheka. "Mavyaa anasema mkono wangu ni wa kushika chaki." Mavyaa ni neno la kwao pwani la mama mkwe. Mbinga hakuna aliyelijua, kwa hiyo aliweza kuliandika popote bila wasiwasi.

Halafu orodha za zawadi. Kila mwaka, kila mtu, kitu gani, na kilipokewaje. Mavyaa kanga doti moja na miche miwili ya sabuni, "ameshukuru mbele za watu". Baba mkwe tumbaku na shati, "shati limebana, hakusema". Na wifi mkubwa, 1980, kanga doti moja yenye maneno "Japo sipati tamaa sikati". Wifi mkubwa alikuwa hajaolewa na umri umekwenda. Mama anaapa kwamba aliichukua dukani kwa rangi yake tu, siku ambayo kanga zenyewe ziligawiwa kwa foleni na huchagui. Maandishi ya chini yake ni mafupi: "Hajanisemesha siku nne." Mwaka uliofuata, kwenye orodha: "Wifi mkubwa, kitenge. Hakina maneno."

Shangazi yangu huyo alikuja kuolewa mwaka 1986 na akazaa watoto watatu. Nilimtumia picha ya ukurasa kwa simu. Alijibu kwa sauti, dakika mbili za kicheko na kikohozi, na mwishoni akasema kanga ile anayo.

Sasa nifike kwenye lile buku la tano.

Ni la Desemba 1983 na Januari 1984, na lina uzito tofauti mkononi, kwa sababu limebandikwa vitu vichache. Mwaka ule ulikuwa wa kampeni ya wahujumu uchumi. Tangu mapema mwaka watu walikuwa wakikamatwa kwa katoni za sabuni na marobota ya nguo. Wengine walikuwa wakitupa bidhaa usiku ili zisikutwe nyumbani kwao. Dar tulikuwa tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada uliopewa jina kwa rangi ya jezi, na hata huo ulikuwa na foleni yake na barua ya balozi wa nyumba kumi. Mbinga, kwenye vihenge vya Babu, kulikuwa na mahindi meupe na maharage mpaka panya wamenenepa. Katikati ya vihenge vile na sufuria yetu kulikuwa na kilomita elfu moja, vizuizi vya barabarani, na sheria iliyosema nafaka inapita kwa shirika la umma, NMC. Kuivusha kutoka mkoa hadi mkoa kulihitaji kibali. Mkulima alikuwa babu yangu, mlaji mimi, lakini gunia bila kibali lilikuwa la magendo.

Ukurasa wa kumi na nane wa buku hilo una mchoro. Ni Peugeot yetu inayoonekana kwa ubavu, imekatwa wazi ili uone ndani, kwa mtindo ule ule Mama aliochorea panzi na sehemu zake za mwili kwenye karatasi za manila. Mishale imetoka pembeni na kila mshale una maneno. Chini kabisa, kwenye sakafu ya nyuma: "mahindi debe 5, mifuko midogo, isitune". Juu yake: "maharage debe 2". Juu yake: "mashuka ya zamani". Kisha "godoro". Kisha "blanketi la Njombe". Na juu kabisa, vichwa vinne vidogo vya mviringo, vikubwa kuanzia kushoto, vinakaribia kugusa paa. Mshale wa mwisho: "watoto".

Kichwa cha tatu ni mimi.

Chini ya mchoro: "Walale juu. Kizuizini wasishuke, wasiombe kukojoa. Wakiamka waseme tunatoka kwa Bibi." Na chini yake, kwa wino wa kijani, mahali pekee katika mabuku yote saba ambapo kuna sentensi ya Baba: "Springi za nyuma hazitabeba. Na mimi pia."

Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu kiasi kwamba Mama alikuja kuona kama nimeumwa na nge. Akatazama, akavuta kiti cha plastiki, akakaa.

"Alibeba," akasema.

Nikamwambia kwamba siku zote nilidhani ni kwa ajili ya tembo.

"Tembo gani?"

"Wa Mikumi. Kiti cha juu. Ili tuwaone."

Mama alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto wa darasa la tatu walioandika kwamba popo ni ndege. Kisha akanieleza, taratibu, huku anaondoa vumbi la mchwa kwenye jalada kwa upindo wa kanga yake. Wazo lilikuwa lake. Baba hakutaka. Alikuwa afisa wa serikali na alikuwa akihutubia watu kuhusu wahujumu. Wakagombana siku mbili chumbani kwa Bibi kwa kunong'ona, maana ukweni hugombani kwa sauti. Mwishowe Mama alimwambia, basi utawaambia wewe watoto wale nini mwezi wa pili. Baba akatoka, akaenda kukagua springi.

Tuliondoka Mbinga jioni. Hilo nalikumbuka, maana haikuwa kawaida yetu. Nakumbuka pia kwamba Mafinga tulipita usiku bila kusimama, tukalia wote kwa sababu ya mbwa. Nakumbuka tochi. Kabla ya kuteremka Kitonga gari lilisimama, mwanga ukaingia kwa dirisha la nyuma ukatembea juu ya nyuso zetu, na mimi nilikuwa macho nikajifanya nimelala, kwa raha tu, kama mchezo. Sauti ya mwanamume ikasema, "Watoto wamelala vizuri." Nilijisikia fahari. Nilidhani anatusifu.

"Alijua?" nikamwuliza Mama.

"Gari limekaa matako chini hivi," akaonyesha kwa kiganja, "atakosaje kujua? Alikuwa na watoto, labda. Au alikuwa na usingizi."

Huko chini, baada ya kona ya mwisho, Baba alisimamisha gari. Katika kumbukumbu yangu alikwenda kukagua rejeta. Mama anasema alikwenda kutapika. Alirudi, akafuta mdomo kwa leso, akawasha gari, na kulipopambazuka Mikumi akaanza kupiga mluzi na kutuonyesha tembo. Walikuwa kumi na saba. Mama aliwahesabu, wapo kwenye buku. "Tembo 17. Watoto wamefurahi. Baba yao anapiga mluzi."

Nimejaribu kumkasirikia mtu na nimeshindwa kumpata. Babu alilima, Bibi alipukuta, sisi tulikula, na sheria ilikuwa sheria. Mahindi yale ndiyo tuliyokula mpaka karibu na Pasaka. Mwaka 1984 masharti ya kusafirisha nafaka yakaanza kulegezwa. Buku la sita halina mchoro, magunia yameandikwa wazi kwenye orodha kama nazi. Lakini godoro likaendelea kuwekwa juu, mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo sasa napaona pagumu: magunia yalipoweza kusimama popote bila kuogopa, Baba aliendelea kuyalaza chini na kututandikia juu yake. Nilimwuliza Mama kwa nini. Alisema, "Mlizoea."

Nilimpigia Kaka yangu usiku ule, yuko Mwanza. Kumbe yeye alijua. Alikuwa na miaka kumi na tatu, aliyasikia maharage yakimchoma ubavuni safari nzima, na Baba alimwita kando Songea akamwambia yeye ni mwanamume, asiseme. Hakusema. Miaka arobaini hakusema, hata mimi nilipokuwa nasimulia habari za kiti cha juu siku ya arobaini ya Baba, watu wamejaa, na yeye amekaa mstari wa mbele anatikisa kichwa kukubali.

Mabuku nimeyaanika juani siku mbili, nimeyapiga picha ukurasa kwa ukurasa, na sasa yako kwangu kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko. Mama hakuyadai. Alitaka tu nimpeleke fundi wa meza ya cherehani. Lakini Jumapili iliyofuata alinipigia mwenyewe, sauti ya mwalimu mkuu, akaniambia nifungue buku la tano, ukurasa wa mwisho, nimsomee kilichoandikwa chini kulia.

Nikafungua. Herufi ndogo ndani ya mraba: "Mafinga: petroli dumu 1 wakati wa kwenda. Tumeahidi maharage debe 1. Bado."

"Bado," akarudia. "Tulipita usiku. Hatukuweza kusimama na mzigo ule. Mwaka uliofuata walikuwa wamehamishwa."

Nikamwambia yule mzee nasikia alishafariki, ila mwanawe wa kwanza ana duka la vifaa vya ujenzi pale pale Mafinga, na mimi Desemba ninapita.

"Basi mpelekee."

"Debe moja?"

Akanyamaza kidogo. Nilisikia redio yake ikiimba nyuma.

"Debe za siku hizi wanazibonyeza," akasema. "Peleka moja na nusu."